Mtoto Aliyeitwa Jalala

Mtoto hakuwa kiziwi. Daktari alimpima mara mbili, akampigia kengele nyuma ya kisogo, akamnong'oneza namba kutoka mlangoni, na mara zote mbili akaandika kwamba masikio ni mazima. Mama Lamptey, msimamizi wa kituo cha kulelea watoto cha Dzidefo, alikuwa ameanza kumshuku daktari.

"Ngoja nikuonyeshe, Afande," alimwambia Inspekta Baaba Eshun, akafungua dirisha la ofisi. Uani wasichana wanane walikuwa wakirukaruka na kupiga makofi. Wa tisa alikaa peke yake kwenye ngazi ya jikoni, kamba ya kuanikia nguo mapajani, akifungua mafundo ambayo hakuna aliyemwomba ayafungue. "Mawuena!" aliita Mama Lamptey. Wale wanane wakageuka. Wa tisa akaendelea na fundo lake.

Ilikuwa Jumamosi, na huyo wa tisa ndiye aliyemtoa Baaba Accra alfajiri. Wiki saba zilizopita polisi walikuwa wameingia Kpatsikope, kitongoji cha wavuvi kando ya ziwa, wakatoka na watoto kumi na wawili waliokuwa wakifanyishwa kazi kwenye mitumbwi na matanuri ya samaki. Kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kujulikana kwao. Huyu, wa miaka kumi au kumi na moja, alikuwa hajulikani hata wilaya. Ijumaa inayokuja hakimu angefunga faili: kama ndugu hawajaonekana, mtoto angetangazwa hana kwao na kupelekwa kwenye makao ya kudumu huko kaskazini, mwendo wa siku nzima kwa basi.

Baaba alikuwa mtu wa kupenda faili kuliko watu, na hakuona aibu kulisema hilo. Aliomba faili. Lilikuwa na karatasi sita. Kwenye ya kwanza, mbele ya neno "Jina", palikuwa na mstari mnene wa wino mweusi uliopigwa kwa rula, ukarudiwa, na juu yake limeandikwa kwa mwandiko mzuri: Mawuena.

"Hili mlimpa ninyi?"

"Maana yake Mungu katoa. Zuri, sivyo?"

"Alikuja na lipi?"

Mama Lamptey alifunga dirisha. "Lile lilikuwa tusi, Afande. Mimi jina la tusi kwenye karatasi zangu siandiki."

Baaba hakubishana. Aligeuza karatasi, akapitisha ncha ya kidole mgongoni mwake. Aliyeandika mara ya kwanza alikuwa na mkono mzito, kalamu ilikuwa imechimba. Alichukua penseli, akasugua kidogo kidogo, na herufi zikajitokeza kinyumenyume moja baada ya nyingine. Adukpo.

Alifurahi, na baadaye alijicheka kwa furaha ile. Alikuwa anamjua Adukpo mmoja, koplo aliyewahi kumwendesha mwaka mzima, mtu wa kabila la Waewe kutoka upande wa bahari. Basi ni jina la ukoo, na watu wazima wenye vyeti wamelifuta kwa rula! Alikuwa ameshika simu tayari wakati mpishi, Daavi Kafui, alipoingia na sahani ya ugali wa akple, akaitupia jicho ile karatasi.

"Mmelifufua hilo?" alisema Kafui. "Mimi ndiye niliyemtafsiria siku alipoletwa. Nikamuuliza, binti, unaitwa nani? Akaniambia Adukpo. Nikadhani sijasikia, nikamuuliza tena. Akanionyesha kwa kidole pale nyuma tunapochomea taka. Kwa Kiewe ni jalala, Afande. Mama alilia hapa hapa."

"Nililia," alikiri Mama Lamptey. "Mtoto wa mtu kuitwa jalala kutwa nzima, mpaka akaamini."

Kwa hiyo lilikuwa ni tusi. Lakini pia lilikuwa ni ukoo wa koplo, ambaye mshahara wake ulitoka kila mwezi kwa jina hilohilo bila mtu kulia. Baaba aliyaweka mambo hayo mawili kando kando na kuyaangalia, kwa sababu hayakukaa pamoja. Kisha akasoma karatasi ya muuguzi. Makovu ya kamba kwenye viganja. Kovu la moto nyuma ya goti la kulia. Mashavuni, makovu matatu kila upande: kipigo.

Alishuka uani, akakaa ngazi moja chini ya mtoto, akachukua ncha ya pili ya kamba na kuanza kufungua mafundo upande wake. Hakuuliza chochote mpaka walipobakiza manne. Kwa karibu yale makovu ya mashavu yalionekana vizuri: mafupi, membamba, yamelingana, yametanuka kidogo jinsi uso ulivyokua. Anayepiga hapimi. Aliyekata pale alikuwa na wembe mpya na mkono usiotetemeka, na aliyekatwa alikuwa mchanga mno.

Mtoto ndiye aliyeanza kusema, kwa Kiewe, na Kafui akatafsiri kutoka mlango wa jikoni. "Anauliza, umekuja kwa ajili ya jina?"

"Mwambie ndiyo."

"Anasema hawa hawalipendi. Anasema mke wa mvuvi aliyekuwa akimtumikisha alimweleza: mama yako ndiye aliyekuita hivyo. Kitu ukishakitupa, unakiita hivyo." Kafui alifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na maji. "Anasema ukimpata huyo mama, umuulize kwa nini."

Baaba aliahidi. Hakuwa na kawaida ya kuahidi, tena kwa mtu ambaye hakuna hata kituo kimoja cha polisi kilichokuwa na habari zake, na njiani alijilaumu mpaka darajani.

Jumatatu alikuwa Avedzikope, kati ya wangwa na bahari, kwenye matuta ya vitunguu ya Togbui Adukpo, baba mkubwa wa koplo. Mzee alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba anakuja inspekta kuuliza juu ya mtoto aliyepotea, na alikuwa amejiandaa kwa njia yake. Alimwagilia tuta zima kabla ya kumkaribisha kiti. Kisha akahesabu wajukuu wote wa ukoo kwa sauti, arobaini na watatu, akitaja yupo wapi kila mmoja na anasoma darasa la ngapi, na alipomaliza akauliza kama polisi sasa wameridhika au wangependa pia kuhesabiwa mbuzi.

Baaba aliomba radhi. Alieleza habari ya mtoto, na jina, na jinsi lilivyofutwa. Mzee akaacha kukasirika, akaanza kucheka, cheko la kimya lililomtikisa mabega.

"Wamelifuta kwa rula?"

"Kwa rula, Togbui. Mara mbili."

"Na wewe umekuja mpaka hapa kutuuliza kama sisi ndio tuliomtukana."

"Nimekuja kuuliza mtu anakubalije kuitwa jalala, na kuwaachia wajukuu."

Hilo lilimpendeza. Alieleza taratibu, huku akichambua vitunguu vilivyooza. Mama wa babu yake alikuwa amezaa mara mbili na kuzika mara mbili. Wa tatu alipozaliwa hawakumshangilia. Walimtia kapuni, wakaenda kumweka ukingoni mwa jalala, jirani akapita kama anayepita njia zake, akamwokota, akamrudishia mama yake kwa bei ya konokono wawili. Kutoka siku hiyo akaitwa Adukpo. Kifo kilipokuja kutafuta mtoto wa watu, kiliambiwa hapa hakuna mtoto, kuna taka tu. Babu aliishi miaka themanini na minne na alikuwa mkorofi siku zote za maisha yake.

"Si tusi," alisema mzee. "Mtoto mwenye jina hilo ni mtoto aliyeombewa kuliko wote nyumbani. Ninyi Wafante mnayo haya haya, msijifanye mmezaliwa kanisani."

Baaba alikuwa Mfante wa kambi ya jeshi, aliyezaliwa hospitali na kupewa jina la bibi yake. Mambo hayo aliyasikia kwa mbali, kama mtu anavyosikia habari za binamu asiyemjua. Aliuliza kama watoto hao huwa na alama.

"Kwetu hatukati. Tulimfunga babu kengele mguuni." Mzee alinyoosha vidole vitatu, akavigusisha shavuni. "Hivi?"

"Kila upande."

"Basi mtafute kwa watu wako. Mama yangu alikuwa akiuza vitunguu pwani ya magharibi. Alisema watoto wa namna hiyo huko wanakatwa hivyo." Alimfungia vitunguu kwenye gazeti, na alipomsindikiza barabarani alikuwa bado anacheka ile rula.

Ila kulikuwa na tatizo, na Baaba alilitafuna njia nzima. Kama mtoto ni wa pwani ya Wafante, alipataje jina la Kiewe? Mtu mmoja alikuwa na jibu, na huyo alikuwa mahabusu, amekaa wiki saba bila kusema zaidi ya jina la wakili wake. Baaba alimfikia saa kumi jioni. Agbeko, mvuvi wa Kpatsikope, aliletwa akiwa na kandambili zisizofanana.

Alikuwa amekwisha kuulizwa nani aliyemletea watoto, wangapi, lini. Maswali hayo yote aliyajua na aliyafungia mdomo. Baaba hakuyauliza.

"Yule msichana wa matanuri. Kwa nini ulimpa jina la matusi?"

Agbeko aliinua uso. Alionekana ameumia kweli, jambo ambalo Baaba alilikumbuka kwa muda mrefu. "Mimi? Sikumpa jina. Alikuja nalo."

"Alikuja na jina la Kiewe?"

"Alikuja na la kwao. Wanangu hawakuweza kulitamka. Nikaliuliza maana, nikaligeuza kwa lugha yetu. Lile lile. Mimi mtoto wa mtu simtukani."

"Unamtumikisha tu."

Agbeko alitazama kandambili zake. Lakini alikuwa amesema "alikuja", na amesema "la kwao", na Baaba aliandika yote mawili na saa. Halafu akakaa kwenye gari na kuligeuza lile neno kurudi lilikotoka, ambalo lilikuwa neno alilolitumia kila siku ya maisha yake akimwambia mtumishi wapi pa kumwaga maganda. Kwa Kifante jalala ni sumina.

Jumanne bahari haivuliwi, ni mwiko. Mitumbwi yote ya Ekumdo, kijiji cha pwani ya Wafante, ilikuwa juu ya mchanga, wanaume wakishona nyavu na kubishana, na ndiyo maana Baaba alichagua Ekumdo kwanza kati ya vituo vitano vya polisi alivyokuwa ameviorodhesha: kilikuwa kituo cha karibu zaidi na siku ile wote wangekuwa nyumbani. Sajini Quaicoe, aliyebakiza miezi mitatu astaafu, alimkaribisha kwa dokono la unga wa mahindi na samaki wa kukaanga, akamletea kitabu cha watoto waliopotea.

Walikisoma pamoja, miaka minane nyuma. Watoto kumi na saba. Hakuna Sumina. Baaba alirudia ukurasa kwa ukurasa kutafuta alama za mashavu, tanuri, ziwa. Hakuna.

"Sumina," alisema sajini, akilamba kidole. "Afande, kituo hiki sumina zipo kwenye kitabu kimoja tu. Kile cha malalamiko ya usafi. Nani kamwagia nani taka mlangoni." Alicheka peke yake.

Baaba hakucheka. "Kilete."

"Nilikuwa nakutania."

"Najua. Kilete."

Kilikuwa na vumbi na kimeliwa pembe moja na panya. Ilibidi warudi miaka mitano na miezi kadhaa. Tarehe kumi na nne Januari, kwa mwandiko mdogo wa mtu mwenye bidii: *Mwanamke Ekua Kwansema, mchoma samaki, anadai kwamba jalala lake limechukuliwa na mwanamke mwingine na halijarudishwa. Ameelekezwa ofisi ya usafi ya wilaya.*

Sajini alisoma, akasoma tena, akaweka samaki chini.

"Nani aliandika?"

"Kijana mmoja wa kutoka kaskazini. Alikuwa na mwezi mmoja hapa. Lugha yetu alikuwa anaokota sokoni, neno moja moja." Sauti ilimpungua. "Huyu mwanamke alikuja akasema, wamenichukulia Sumina wangu. Kijana akaandika alichokielewa."

"Endelea kusoma."

Tarehe ishirini na moja: *Mwanamke yule yule. Jalala lile lile.* Februari: *Mlalamikaji amerudi. Ameelezwa kwamba jalala si mali ya mtu binafsi.* Machi, mwandiko mwingine: *Mlalamikaji analia. Ametakiwa aandike barua.* Aprili, mwandiko wa tatu: *Mlalamikaji ameonywa asisumbue zamu.* Baada ya hapo hakuna. Baaba aliutambua ule mwandiko wa tatu, maana ulikuwa pia kwenye karatasi ya wageni aliyoisaini asubuhi.

"Wewe si wa kaskazini, Sajini."

"Nilifungua kitabu nikakuta limeandikwa jalala," alisema Quaicoe. "Sikumsikiliza yeye, Afande. Nilisoma."

Baaba alihisi aibu, na haikuwa ya sajini peke yake. Yeye mwenyewe angesoma kitabu, angefanya hivyo hivyo. Alikifunga, akakiandikia stakabadhi ya ushahidi, akauliza nyumba ya Ekua Kwansema iko wapi.

Ilikuwa ya nne kutoka matanuri. Ekua alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kope zilizoliwa na moshi, na alipomwona mtu wa polisi aliendelea kupanga samaki kwenye wavu, mstari kwa mstari, akisema kwamba yeye na polisi walikwisha kumalizana zamani. Baaba alivuta kigoda. Hakusema kwamba kuna mtoto aliyepatikana. Huo ndio utaratibu, na siku ile alipata taabu kuufuata.

Aliuliza habari za Sumina tangu mwanzo. Ekua alisimulia bila kugeuka. Kulikuwa na mnunuzi wake wa samaki, mwanamke mcheshi wa kutoka upande wa ziwa, aliyekuja miaka mitatu mfululizo na kumbeba mtoto mgongoni kila alipokuja. Akasema kwao kuna shule nzuri, ana nafasi. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Ekua alimvalisha viatu, akambebea begi mpaka kwenye lori. Ilikuwa Septemba. Krismasi mtoto hakurudi, na mnunuzi hakurudi tena.

"Alikulipa nini?"

Swali hilo lilimfanya ageuke. Aliingia ndani, akatoka na kitenge kimekunjwa, vipande viwili, bado kina karatasi ya duka. Baaba alikikunjua. Mikunjo ilikuwa imefifia rangi kwa miaka, lakini hakikuwa kimekatwa hata uzi.

"Alisema ni zawadi. Nilisema nitakishona siku akija likizo, tuvae sare." Ekua alikichukua tena, akakikunja kwa mikunjo yake ile ile ya zamani. "Sema tu, Afande. Niliuza mtoto kwa kitambaa. Majirani wamekwisha kulisema."

Mtu aliyeuza mtoto angekishona kitambaa. Hivyo ndivyo Baaba alivyofikiri, na hakulisema, kwa kuwa halikuwa ushahidi wa kutosha mahakamani. Alipiga picha karatasi ya duka: ilikuwa na jina la soko la ziwani, umbali wa saa moja kutoka Kpatsikope. Huyo mnunuzi mcheshi sasa alikuwa na pa kuanzia kutafutwa.

"Mtoto alikuwa na alama?"

"Tatu na tatu. Bibi yangu alimkata siku ya nane."

"Nyingine?"

"Aliungua hapa." Ekua aliinama, akagusa nyuma ya goti lake la kulia, na hakuinuka haraka. "Kwenye tanuri hili. Nilimpa mgongo kidogo tu."

Baaba alimpigia Daavi Kafui simu, akamuuliza goti lipi, ingawa alilijua. Kisha akasema kile alichokuja kukisema. Ekua hakupiga kelele. Aliuliza kama mtoto anakula, na alipojibiwa kwamba anakula vizuri, aliketi chini kwenye majivu, samaki wakaungua, na hakuna jirani hata mmoja aliyethubutu kuja kuwageuza.

Baadaye Baaba alimweleza yaliyobaki bila kuyalainisha. Kesho kutwa angemwona mtoto. Ijumaa hakimu angeombwa asifunge faili. Mtoto angebaki kituoni mpaka nyumba ikaguliwe, mpaka mwenyewe akubali, na huenda ikachukua miezi. Na yeye Ekua angeweza kushtakiwa kwa kumtoa.

"Nitajibu," alisema Ekua. "Mwambie huyo hakimu tu asinielekeze ofisi ya usafi."

Alhamisi saa nne, kwenye ukumbi wa kulia wa Dzidefo, Baaba alipanga viti mwenyewe. Mtoto akae karibu na mlango, na mlango uwe wazi, ili akitaka kutoka atoke. Kafui katikati. Mama Lamptey ukutani. Alikuwa amekwisha kuelezwa kila kitu na macho yake yalikuwa mekundu tena, lakini kwa sababu nyingine. Ekua aliambiwa asimguse mtoto mpaka mtoto atake, na asimfiche kitu.

Alikaa. Mikono yake ilikuwa imesuguliwa mpaka imeparara na bado ilinukia moshi. Mtoto hakumtazama usoni. Alitazama ile mikono.

"Mimi ndiye niliyekukabidhi," alisema Ekua, na Kafui akalihamisha kwa Kiewe. "Yule mwanamke hakukuiba. Viatu nilikufunga mwenyewe. Nilidhani ni shule."

Mtoto akauliza kwa nini aliitwa vile, na Kafui hakuhitaji kutafsiri, maana wote chumbani, na Ekua pia, walilijua swali lile.

"Kabla yako nilizaa watatu," alisema Ekua. "Niliwapa majina mazuri. Niliwaita kwa sauti, mtaa mzima usikie. Hakuna aliyefika mwaka. Ulipokuja wewe niliogopa. Nikatafuta jina ambalo hata kifo kingeona haya kulibeba. Sikukutupa, Sumina. Nilikuficha."

Kafui alitafsiri neno kwa neno.

Mtoto aliuliza wale watatu waliitwa nani. Ekua hakuwa amewataja tangu awazike. Halafu akawataja: Ewuradwoa, Nyamekye, Aseda. Mtoto akarudia moja moja kwa ulimi wake wa ziwani. La kwanza alilipinda, Ekua akamrekebisha, akalirudia likanyooka.

"Na mimi?" aliuliza mtoto. "Kama usingeogopa, ungeniita nani?"

Ekua alimtazama Baaba kama anayeomba ruhusa. Baaba hakuwa na kifungu chochote cha kumruhusu wala kumkataza. Ekua akainuka, akazunguka meza, akasimama hatua moja kabla ya kiti. Mtoto alifikiri kidogo, kisha akajisogeza pembeni na kumpisha nafasi. Ekua akaketi ukingoni, akainama, akamnong'oneza sikioni.

Lilikuwa jina refu kiasi. Baaba, ambaye kazi yake ilikuwa kujua, alijikuta ameegemea mbele mpaka kiti kikalia.

"Kasemaje?" aliuliza Kafui. "Mimi sijasikia kitu. Nitafsiri nini?"

Mtoto alimwangalia mama yake, akamwangalia Kafui, akabana midomo kuzuia kicheko.

"Sikuambii," alisema.